Kuzoea kutumia AI kila siku kwenye kazi ya sheria: tuanze na nini, tujilinde vipi?

wa_Shangani

Mawakili wasomi, makarani na wasaidizi wa kisheria wa kusini, habari za kazi.

Ofisi ni ndogo, mawakili wawili na karani mmoja, Mtwara mjini. Mashauri mengi ni ya ardhi (mashamba ya mikorosho yanaongoza), mirathi, madai kati ya wakulima na AMCOS (vyama vya ushirika vya msingi), na machache ya ajira pale CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi). AI ipo kwenye simu ya kila mtu hapa, lakini inatumika kwa kushtukiza. Wiki hii kila siku, mwezi ujao haiguswi, halafu inakumbukwa usiku wa kuamkia shauri, wakati hakuna nafasi ya kuhakiki chochote.

Kazi ipi ianze, kwa dakika ngapi, na ipi isiguswe kabisa? Na uhakiki unafanywaje bila kula muda wote uliookolewa? Naomba hatua zenyewe, si ushauri wa jumla.

---

Mikindani_Wakili

Msomi, tatizo umelitaja mwenyewe: usiku wa kuamkia shauri. Mazoea hayajengwi kwenye dharura. Ifunge AI kwenye kazi moja inayojirudia, saa ileile, yenye karatasi mkononi ya kulinganisha. Kwa ofisi ya mashauri ya ardhi ningeanza na kufupisha mwenendo (kumbukumbu za yaliyosemwa mahakamani) na vielelezo vya jalada ambalo tarehe yake ni wiki ijayo. Likiwa la wiki ijayo, kosa likionekana bado kuna siku za kulirekebisha.

Tenga saa 1:30 hadi 1:50 asubuhi, kabla ya kuelekea mahakamani. Jalada moja kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki mbili mfululizo, bila kuongeza kazi nyingine. Kishawishi kitakuja siku ya tatu cha kuipa kila kitu. Kikatae, maana hujajua bado inakosea wapi kwenye nyaraka zako.

Usipakie mwenendo wa kurasa 120 kwa mkupuo. Maandishi yakiwa marefu, programu hizi hushika vizuri mwanzo na mwisho, katikati hupunguza au huruka. Gawa kwa shahidi, kurasa 15 hadi 20 kila kipande, na kila kipande kiwe na namba za kurasa zake. Kisha agizo liwe na mipaka. Hili linatosha kuanzia:

"Hapa chini kuna ushahidi wa SM2 (shahidi wa pili wa mdai), ukurasa wa 31 hadi 46. Tumia maandishi haya peke yake. Toa jedwali lenye safu nne: tarehe ya tukio, alichosema shahidi, ukurasa, na kama ni ushahidi wa msingi au maswali ya dodoso. Palipofifia andika HALISOMEKI. Jambo lisilo na ukurasa usiliandike. Usitoe maoni ya kisheria."

Sharti la ukurasa ndilo linalookoa muda wa uhakiki. Chagua mistari mitano ya jedwali, zaidi ile ya katikati, fungua kurasa zake, linganisha. Ukikuta mmoja una kosa, jedwali zima halifai mpaka lipitiwe kwa jicho mstari kwa mstari. Majina, namba za viwanja, kiasi cha shilingi na idadi ya mikorosho havichaguliwi kwa sampuli. Hivyo vinakaguliwa vyote.

Sasa kisichoguswa. Usiiulize AI sheria kutoka kichwani mwake. Usiseme "nipe hukumu za Mahakama ya Rufani kuhusu umiliki wa ardhi kwa kukaa muda mrefu". Inachofanya ni kupanga maneno yanayoelekea kufuatana, na jina la shauri la Tanzania lina umbo linaloigizika kirahisi: majina mawili, neno "Civil Appeal", namba, mwaka, "at Mtwara", "unreported" (haijachapishwa kwenye vitabu vya hukumu). Inaweza kukutengenezea kumi kwa dakika moja, yote yakiwa na sura ya kweli. Marekani, Juni 2023, katika shauri la Mata dhidi ya Avianca, jaji wa mahakama ya shirikisho New York aliwatoza mawakili wawili na ofisi yao faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha mashauri yasiyokuwepo yaliyotungwa na ChatGPT. Sehemu ya kuishika pale ni kwamba wakili aliiuliza programu yenyewe kama shauri ni la kweli, ikajibu ndiyo. Kuiuliza tena si uhakiki.

Njia sahihi ni kinyume chake. Wewe tafuta hukumu TanzLII (tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania), pakua, soma, kisha ipe AI hukumu hiyo na uiulize inasema nini na aya ya ngapi. Ipe karatasi, usiiulize kichwa.

---

Ndanda_Msaada

Naongeza la siri za mteja, kwa sababu linaachwa mpaka liharibike.

Mawasiliano ya wakili na mteja yanalindwa na Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6. Juu yake kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, ambayo ina masharti ya kupeleka taarifa nje ya nchi. Ukibandika maelezo ya mteja wa Tandahimba kwenye programu ambayo kompyuta zake ziko Marekani au Ulaya, umeyasafirisha.

Kwa hiyo, kabla ya kubandika, ficha majina. Kwenye Word bonyeza Ctrl+H, badilisha jina la mdai liwe MDAI A, mdaiwa awe MDAIWA B, kiwanja kiwe KIWANJA X, kijiji KIJIJI K. Ufunguo wa majina uandikwe kwenye karatasi inayobaki ndani ya jalada. Usiuhifadhi kwenye faili hilohilo.

Mitego iko minne. Jina moja huandikwa kwa namna tofauti ndani ya mwenendo mmoja: Saidi, Said, Saidy. Ukibadilisha moja, mawili yanabaki, basi tafuta kwa herufi nne za mwanzo. Pili, majina ya kuitana kama "mama Zuhura" au "mzee wa Chikundi" yanamtambulisha mtu kuliko jina la kitambulisho. Tatu, jina la faili lenyewe: umefuta kila kitu ndani, nje limeandikwa jina la mteja na namba ya shauri. Nne, picha za skani. Ctrl+H haifuti jina lililo ndani ya picha.

Ingia kwenye mipangilio ya akaunti uzime ruhusa ya mazungumzo yako kutumika kuifundishia AI. Tumia akaunti ya ofisi, si ya simu ya mtu ambayo mtoto wake anaifungulia kazi za shule. Na kwenye barua ya makubaliano na mteja weka sentensi moja ya Kiswahili chepesi kwamba ofisi hutumia programu za kompyuta kupanga nyaraka baada ya kuficha majina. Mteja aisomewe, aelewe, ndipo asaini.

Mashauri ya watoto, ubakaji na hali za kiafya: nje kabisa. Hata ukificha jina, kwenye kijiji kidogo tukio lenyewe linamtaja mtu.

---

Nyundo_Lindi

Wakuu, hayo yote sawa, lakini kwa mikoa yetu makosa mengi hatari yapo kwenye lugha. Mashahidi wanasema Kiswahili cha huku, AI imesoma zaidi Kiingereza, na inatafsiri kwa kujiamini.

Heka. Shahidi akisema "shamba lina heka tatu", huku anamaanisha ekari tatu. AI inaweza kuandika hekta tatu. Hekta moja ni kama ekari 2.47, kwa hiyo shamba la ekari 3 limekuwa zaidi ya ekari 7, na mipaka ya kwenye hati ya madai hailingani tena na ushahidi. Andika ndani ya agizo: "heka maana yake ekari, usibadilishe vipimo."

Saa. "Saa nne usiku" ni saa 22:00. Ukiona imetafsiriwa 04:00, yaani saa kumi alfajiri, kwenye shauri la jinai umeharibu utetezi wa kutokuwepo eneo la tukio. Agiza saa zibaki kwa maneno ya shahidi.

Undugu. "Baba mdogo" hugeuzwa baba wa kambo, "mjomba" huchanganywa na ndugu wa baba. Kwenye mirathi hilo ni shauri zima, hasa huku ambako Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera kwa asili ni watu wa ukoo wa mama, na mjomba ana nafasi yake. Hapohapo kuna mtego mkubwa zaidi wa sheria: ukiiuliza AI kuhusu mirathi ya kimila Tanzania, inakimbilia Tamko la Sheria za Mila, GN (Matangazo ya Serikali) 279 na 436 za 1963. Tamko hilo lilitungwa kwa jamii za ukoo wa baba. Ukilichukua zima na kulipeleka kwenye mirathi ya Newala bila kuuliza marehemu aliishi kwa mila ipi, au kama aliishi Kiislamu, umeanza na msingi wa watu wengine.

Tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama, kwa hiyo nyaraka nyingi zaidi zinaandikwa kwa Kiswahili. Cha AI kinachanganya jinai na madai. Inaandika "mshtakiwa" kwenye shauri la madai badala ya mdaiwa, "hati ya mashtaka" badala ya hati ya madai, "korti" badala ya mahakama. Tengeneza orodha ya maneno 40 hivi: mleta maombi, mjibu maombi, mrufani, mjibu rufani, pingamizi la awali, kukaza hukumu, na mengine ya ofisi yako. Ibandike juu ya kila agizo la kuandika. Siku ya kwanza inachukua saa nzima kuiandaa. Baada ya hapo ni sekunde.

---

wa_Shangani

Nashukuru sana, wakuu. Hili la heka peke yake limeshanifanya nifungue upya majalada mawili.

Swali la pili: kuandaa nyaraka zenyewe. Hati ya kiapo na sababu za rufaa, je, AI iandike rasimu ya kwanza, au ikague tu?

---

Mikindani_Wakili

Ikague. Rasimu ya kwanza iwe yako.

Kiapo ndicho kinachoonyesha sababu. Hati ya kiapo inabeba mambo ya hakika tu ambayo mwapaji (anayeapa) anayajua mwenyewe au ameambiwa na mtu anayemtaja. Msingi wake ni shauri la Uganda dhidi ya Commissioner of Prisons, ex parte Matovu [1966] EA 514 (EA ni vitabu vya hukumu za Afrika Mashariki): hoja za kisheria, maoni na maombi hayana nafasi ndani ya kiapo. AI ikiachiwa iandike, huwa inamshawishi jaji. Utakuta aya ya 9 inasema "ni haki na busara maombi haya yakubaliwe". Hilo ni ombi. Aya inayofuata inataja kifungu na kukifafanua. Hiyo ni hoja. Upande wa pili anaweka pingamizi, aya zinafutwa, na kama zilizofutwa ndizo zilizobeba maombi, hakuna kilichobaki.

Ipe kazi ya ukaguzi hivi: "Pitia kiapo hiki aya kwa aya. Kila aya iweke kwenye kundi moja: jambo la hakika analolijua mwapaji, jambo aliloambiwa, na nani, hoja ya kisheria, maoni, ombi. Kisha linganisha na uthibitisho mwishoni: kila aya imetajwa? Ya kuambiwa imetajwa kama ya kuambiwa? Sehemu ya kamishna wa viapo ina mahali na tarehe?" Hapo inafanya kazi nzuri, kwa sababu jibu lote limo ndani ya karatasi uliyoipa.

Sababu za rufaa, vivyo hivyo. Andika zako kwa kusoma hukumu. Kisha ipe hukumu na sababu zako, iambie iwe wakili wa mjibu rufani na ishambulie kila moja kwa kutaja ukurasa wa hukumu. Sababu ambayo haiwezi kutetewa kwa ukurasa, iondoe au iandike upya.

---

Nyundo_Lindi

Hapo kwenye rasimu ya kwanza sikubaliani moja kwa moja, msomi. Barua za madai, notisi za siku 90 kwa taasisi za serikali, barua za kuomba nakala za hukumu na mwenendo: hizo zina umbo lilelile, na AI ikipewa kiolezo cha ofisi inaandika rasimu vizuri. Kukataa huko ni kupoteza asubuhi. Mpaka uwekwe kwenye aina ya hati.

Ila kwa vijana walio kwenye mafunzo kwa vitendo, nakuunga mkono kwa nguvu zote. Kijana ambaye hajawahi kuandika kiapo kwa mkono wake hana jicho la kuona aya ya 9 imekosea.

---

Mikindani_Wakili

Barua za kiolezo, nakubali. Tarehe na vifungu ndani yake vijazwe na mtu.

---

Karani_Masasi

Shikamooni wakubwa. Hapo kwenye tarehe niingie, kwa sababu ndipo makarani tunapolaumiwa.

AI isihesabu siku za ukomo, yaani muda wa mwisho wa kufungua shauri au rufaa. Inaweza kupata leo, ikakosea kesho kwa siku moja, na siku moja inatosha kuua rufaa. Hesabu kwa Excel. Tarehe ya uamuzi seli A2, siku seli B2, kisha =A2+B2. Uamuzi wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya katika shauri lililoanzia hapo, uliotolewa Machi 14, 2025, rufaa Mahakama Kuu ni ndani ya siku 45: inakuja Aprili 28, 2025. Utetezi wa maandishi kwenye madai ni siku 21 tangu kupokea wito. Mgogoro wa kuachishwa kazi unafikishwa CMA ndani ya siku 30, migogoro mingine ya kazi siku 60. Notisi ya kukata rufaa Mahakama ya Rufani siku 30. Bandika jedwali hilo ukutani. Siku zipi ziondolewe kwenye hesabu kwa sababu ya kusubiri nakala za hukumu, huyo ni wakili anaamua, si karani wala mashine.

Angalia kwanza kompyuta imepangwaje. Ikiwa kwa mpangilio wa Kimarekani, 04/03/2025 inasomwa Aprili 3, na hesabu yote inahama mwezi mzima bila kuonyesha kosa. Weka siku/mwezi/mwaka.

Kazi nzuri ya AI kwa karani ni kuchomoa tarehe kutoka kwenye amri na nyaraka, kila moja na ukurasa wake, kisha mtu anaziingiza Excel. Kwenye mwenendo wa zamani wa Baraza la Kata ulioandikwa kwa mkono, 1 na 7 hubadilishana. Skani kwa dpi 300, ukurasa ulionyooka, na namba zote zikaguliwe na watu wawili tofauti.

Halafu kuna sheria iliyopitwa na wakati. Ukiiuliza AI mgogoro wa shamba unaanzia wapi, mara nyingi itakwambia Baraza la Kata linasikiliza na kuamua madai yasiyozidi shilingi milioni 3. Hiyo ni hali ya zamani. Marekebisho ya 2021 yameliondolea Baraza la Kata mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi. Sasa linasuluhisha tu, na Baraza la Wilaya linahitaji cheti kwamba usuluhishi umeshindikana, isipokuwa siku 30 zimepita tangu mgogoro upelekwe kata bila kusuluhishwa. Mteja akifuata jibu la AI atarudi na "hukumu" ya kata isiyo na nguvu, na muda umeenda.

Namba za vifungu nazo ziangaliwe. AI imesoma matoleo ya sheria za nchi ya 2002 na 2019 zaidi. Toleo la 2023 limeanza kutumika Julai 1, 2025, na baadhi ya sheria zimepangwa upya namba. Kifungu chochote kilichotoka kwenye AI kifunguliwe kwenye sheria yenyewe, na hati itaje toleo.

---

wa_Shangani

Asante sana, mdogo wangu. La mwisho: mtandao na umeme. Vikikatika asubuhi, zile dakika 20 zinapotea na mazoea yanavunjika. Na je, malipo ya mwezi yana maana kwa ofisi ndogo?

---

Karani_Masasi



Andaa kipande cha kesho jioni kabla ya kufunga ofisi: majina yamefichwa, maandishi si picha, agizo limeshaandikwa juu yake. Maandishi ya kurasa 15 ni madogo sana kwa bando. Skani yake ni megabaiti kadhaa. Asubuhi unabandika tu, hata kwa simu. Umeme ukiwa haupo, zile dakika 20 fanya uhakiki wa jedwali la jana kwenye karatasi. Saa inabaki ileile, kazi imebadilika tu. Hukumu za TanzLII pakua zikiwa nyingi siku mtandao uko vizuri, uzipange kwa mada kwenye folda.

Malipo ya ChatGPT au Claude kwa mtu mmoja ni takriban dola 20 kwa mwezi. Anza na ya bure kwa zile wiki mbili. Kipimo chake ni kauntabuku moja mezani yenye safu tano: tarehe, jalada, kazi, dakika ikiwa ni pamoja na za uhakiki, na kosa lililokutwa kwa maneno yake kamili. Kwa mwezi utakuwa na mistari kama 20. Ukiona umegonga kikomo cha bure siku nyingi na dakika zimepungua kweli, lipia. Ukiona safu ya makosa inajirudia, mfano namba za viwanja kila mara, hilo ongeza kwenye agizo na kwenye orodha ya vitu vya kukaguliwa vyote.

---

Mikindani_Wakili

Na kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi ijaribu kwa shauri unalolijua kwa moyo. Iulize bila kuipa karatasi: Mukisa Biscuit [1969] EA 696 ilisema nini kuhusu pingamizi la awali, na Lyamuya Construction, Maombi ya Madai Na. 2 ya 2010, ilitaja vigezo gani vya kuongezewa muda. Kisha iulize hukumu ya kubuni uliyoitunga wewe mwenyewe, yenye majina ya mtaani kwenu na namba ya uongo. Ikikufafanulia hiyo ya kubuni kama ipo, andika kwenye kauntabuku kwa wino mwekundu, na kila mtu wa ofisi asome kabla ya kuanza kazi siku hiyo.